Jiko la Majivu Matupu

Inspekta alipiga magoti mbele ya jiko kwa mara ya tatu asubuhi ile. Sajenti, aliyekuwa amesimama mlangoni akichunga suruali yake mpya isiguse kitu, alianza kuchoka.

"Afande, hilo jiko halitakiri," alisema. "Hata ulibembeleze vipi."

Jiko lenyewe lilikuwa kubwa, la kukatwa kwenye pipa, jiko la kazi. Marehemu alikuwa fundi cherehani, na jiko hilo ndilo lililompa makaa ya pasi yake miaka yote. Sasa lilikuwa kando ya kitanda alichofia, limejaa majivu meupe. Inspekta aliyachambua kwa kijiko mpaka chini, asiambulie hata kipande kimoja cha mkaa. Kilichomsumbua kilikuwa juu kabisa, pale ambapo majivu yalikuwa yameshikana yakafanya ukoko mwembamba wenye vishimo vidogo vidogo.

"Maji yamedondokea hapa," alisema.

Sajenti akatazama juu. Dari lilikuwa la zege, kavu kabisa, na juu yake waliishi wapangaji wengine. "Labda mzee alimwaga dawa yake ya kifua."

Kikombe cha dawa kilikuwa mezani, kimejaa hadi ukingoni. Inspekta aliubandua ule ukoko taratibu, akautia kwenye kopo, akafunga kifuniko.

Kituoni kesi hii ilishahesabiwa kuwa imekwisha. Juzi alfajiri, mtoto wa kiume wa marehemu alikwenda kumwamsha baba yake akamkuta amekufa. Kwa maelezo yake, matambara yalikuwa yamesukumizwa chini ya mlango, dirisha limezibwa kwa vipande vya nguo, na jiko liko ndani. Majirani waliokimbilia kelele zake waliona dirisha na jiko. Habari ya mlango waliipata kwake. Daktari wa hospitali, mwenye foleni ya wagonjwa mbele na foleni ya maiti nyuma, alisikiliza habari ya jiko akaandika "moshi wa mkaa", kisha akatuma damu kwenye maabara ya mbali ambayo majibu yake hayana haraka. Aliyewasha jiko ni mkwe wa fundi, mke wa huyo kijana. Alikamatwa siku ile ile. Kesho asubuhi gari la mahabusu lingempeleka gereza kuu, na mtoto wake anayenyonya angebaki nje, kwa sababu mkuu wa kituo hakutaka kabisa kusikia habari za watoto katika kesi ya mauaji.

"Nishikie hii," Inspekta alisema, akimpa Sajenti ncha ya tepu ya kupimia nguo aliyoiokota kwenye cherehani ya marehemu.

"Tunampimia nani suti?"

"Chumba."

Kabla ya kuvaa sare, Inspekta alikuwa amefundisha kemia sekondari, na wenzake hawakumsamehe kwa hilo. Walimwita Mwalimu, na wakitaka kumuudhi waliinua mkono kuomba ruhusa ya kwenda msalani. Sajenti alishika tepu kwa uso wa mtu anayeonewa. Urefu, mita mbili na nusu. Upana, mbili. Kimo, mbili na nukta nne. Kilikuwa chumba cha kulala cha mtu asiyehitaji kitu, isipokuwa ukuta mmoja uliokuwa umejaa kazi zilizokwisha: sare nyeupe za wauguzi, shela mbili za maharusi, zote zimefunikwa kwa nailoni. Marehemu alichokiogopa duniani ni vumbi. Alikuwa amepigilia vipande vya blanketi kuzunguka fremu nzima ya mlango, kwa mishono ya msumari mmoja mmoja, ili hata upepo ukitaka kuingia ubishe hodi.

Inspekta aliufunga mlango, akazima taa, akatafuta mwanga pembezoni. Hakuona hata uzi.

*

Mkwe wa fundi aliletwa kutoka mahabusu akiwa peku, mikono imekumbatia kifua. Sehemu ya mbele ya gauni lake ilikuwa imelowa.

"Maziwa, dada," alisema kabla hajaulizwa. "Yamejaa mpaka yananiuma. Mwanangu anakula nini?"

"Yuko kwa jirani yenu, Mama Mkaa. Anapewa maziwa ya kopo." Inspekta alimsogezea kiti. "Kaa, mdogo wangu. Nieleze habari ya jiko, polepole, kama vile sijawahi kuisikia."

"Nimeshaieleza mara ngapi? Hawaniamini."

"Mimi sijakataa bado."

Mwanamke alikaa. Alikuwa na sauti iliyokauka kwa kulia. "Jioni baba alikuwa na sare za kupiga pasi. Nikanunua mkaa kwa Mama Mkaa, makopo mawili. Nikawasha uani. Kazi ikaahirishwa kwa sababu kifua kilimbana, akaniomba niliingize kwanza chumba kipate joto. Nikaliingiza, limejaa. Hata halijakaa sana akasema, mwanangu, inatosha, toa jiko lako usije ukaniunguzia nguo za watu. Ndivyo tulivyofanya siku zote."

"Ukalitoa."

"Nikalitoa. Nikaliweka bandani kule uani, jekundu, nikasema litajifia lenyewe."

"Peke yako? Lile nimelijaribu, kidogo linivunje kiuno."

"Peke yangu. Mume wangu hashiki jiko. Anasema hiyo ni kazi ya wanawake." Alisema hivyo bila chuki, kama mtu anayetaja kuwa mumewe ni mrefu. "Nimezoea."

"Mvua ilianza saa ngapi?"

Swali hilo lilimshangaza. "Alfajiri. Nilikuwa namnyonyesha mtoto. Niliisikia kwenye bati la banda, nikapitiwa tena na usingizi. Kilichoniamsha ni kelele za mume wangu." Kisha akauliza jambo ambalo ni dhahiri alikuwa akilizungusha kichwani tangu juzi. "Dada, hivi yawezekana nililisahau ndani? Kila mtu ananiambia nililisahau, au nilikusudia. Sasa hata mimi sijiamini. Labda naota kwamba nililitoa."

Inspekta aliinuka. Hakupenda kumpa mtu tumaini ambalo angelazimika kuja kulichukua tena.

*

Mama Mkaa aliuzia kibarazani, hatua chache kutoka nyumba ya fundi. Alikuwa mweusi kwa vumbi la mkaa hadi kwenye nyusi, na mgongoni alimbeba mtoto wa mkwe wa fundi, aliyelala hana hili wala lile.

Sajenti alimwendea kwa mwendo wa mtu aliyepata jibu. "Wewe ulikuwa na ugomvi na marehemu. Ulimuuzia mkaa mbichi wenye moshi, akakutangaza mtaa mzima."

"Huo ni ugomvi wa mwaka jana, mwanangu, na tukapatana. Mkaa wangu hauna moshi, njoo uunuse. Ungekuwa mbichi ungewaka ukaisha wote?"

Inspekta alikuwa ameshaweka kopo juu ya mizani. Akamimina mkaa, akapima, akarudia. Kilo mbili kamili kwa kopo.

"Na yeye alichukua makopo mawili?"

"Mawili. Mwenyewe nilimjazia. Nilimtania, nikamwambia unataka kuoka mkwe wako?" Mama Mkaa akajishika mdomo. "Mungu anisamehe. Yule mama alimpenda mzee kuliko hata mwanawe wa kumzaa. Mwanawe alikuwa ana shida na nyumba tu."

"Shida gani?"

"Kuna bwana mmoja alikuja na gari refu, anataka kona hii yote ajenge maduka. Mzee alimfukuza, mara mbili, na ile mikasi yake mkononi. Akasema cherehani yake haihami. Mwanawe ndiye aliyemsindikiza yule bwana mpaka garini. Wakazungumza mpaka nikachoka kuwaangalia."

Mvua ikaanza tena. Waliingia kwenye gari la polisi, vioo vikajaa ukungu kwa pumzi zao.

"Sawa, mume ana sababu," alisema Sajenti. "Lakini sababu si ushahidi. Jiko lilikuwa ndani, mke ndiye aliyeliwasha. Mkuu atatucheka."

"Niambie. Una vitambaa vya suruali kumi, na vifungo vya suruali sita. Utashona suruali ngapi kamili?"

"Mwalimu, tafadhali."

"Ngapi?"

"Sita."

"Na vitambaa?"

"Vinne vinabaki."

"Basi moto nao unashonwa hivyo hivyo, kwa mkaa na oksijeni. Kitakachoisha kwanza ndicho kinachoamua." Akaanza kuandika kwa kidole kwenye kioo cha mbele. "Chumba kina lita elfu kumi na mbili za hewa. Sehemu moja katika tano ndiyo oksijeni. Lita elfu mbili na mia nne. Kwa joto la chumba, moli moja ya gesi yoyote hujaza lita ishirini na nne hivi."

"Moli ni nini?"

"Fungu la kuhesabia, kama dazeni ya vifungo, ila kubwa mno. Tuna mafungu mangapi ya oksijeni?"

Sajenti alifumba jicho moja. "Mia moja."

"Fungu moja la oksijeni hula fungu moja la kaboni, ambalo lina gramu kumi na mbili."

"Gramu elfu moja na mia mbili. Kilo moja na ushei."

"Sasa mpe mwendesha mashtaka kila anachokitaka. Hewa ikiwa haba, kaboni hupata nusu tu ya oksijeni yake, na hapo ndipo inapotoka ile gesi inayoua bila harufu. Oksijeni ile ile inatosha mkaa maradufu. Tuseme mkaa wote uliungua hivyo, jambo lisilowezekana. Tunafika wapi?"

"Kilo mbili na gramu mia nne."

"Jikoni ziliingia kilo nne. Toa unyevu, toa majivu, bado una kilo tatu na zaidi za kaboni. Na moto wenyewe hausubiri oksijeni iishe yote. Ikipungua tu unazimia."

Sajenti alikitazama kioo. Tarakimu za kwanza zilikuwa zimeanza kuchuruzika. "Kwa hiyo hewa ndiyo vifungo."

"Ndiyo vifungo. Kwenye chumba kilichozibwa, moto unakufa na mkaa unabaki. Sisi tumekuta majivu matupu."

"Na kama hewa ilipenya mahali?"

"Basi hapakuwa pamezibwa, na aliyetuambia pamezibwa ametudanganya. Ama pamezibwa na jiko halikuwaka mle, ama jiko liliwaka mle na hapakuzibwa. Chagua unayopenda. Zote mbili zinaishia kwa mtu mmoja."

Sajenti alifikiri, kisha akatikisa kichwa. "Hesabu za kwenye kioo, afande. Wakili atazifuta kwa kitambaa."

"Najua. Ndiyo maana tunakwenda kununua makopo mawili."

Kabla gari halijaondoka alimpigia daktari simu. Daktari alianza kulalamika kuwa ana wagonjwa koridoni. Inspekta alimwambia kwamba hamwombi jambo kubwa, anamwombea mzee mmoja tu afunuliwe kope na kutazamwa ndani ya midomo, na kwamba angesubiri.

*

Alasiri waliwasha jiko uani kama mkwe wa fundi alivyokuwa akiliwasha, wakaliacha mpaka likawa jekundu, wakaongeza mkaa likajaa, kisha askari wawili wakaliingiza chumbani huku wakilaani. Dirisha likazibwa kwa vipande vile vile vya nguo, na pembe moja ya kioo ikaachwa wazi kwa kuchungulia. Mlango ukafungwa, matambara yakasukumizwa chini yake. Inspekta aliagiza mtu yeyote asiingie, hata kukitokea nini, mpaka mlango utakapokuwa umeachwa wazi muda wa kutosha.

Mtoto wa marehemu aliitwa ashuhudie. Alikuwa mwanaume mtanashati, shati limepigwa pasi, macho mekundu. Alisimama chini ya ukingo wa banda, mikono mifukoni.

"Mnatafuta nini tena?" aliuliza. "Baba hajazikwa. Niacheni nimzike."

"Tunakamilisha faili," alisema Inspekta. "Mbona hukumfuata mtoto wako kwa Mama Mkaa?"

"Mimi ntamlisha nini?"

Walisubiri. Mvua ilipiga bati. Sajenti alikwenda kuchungulia, akarudi, akaenda tena. Mara ya kwanza alisema makaa yanang'aa. Baadaye akasema yamefifia. Kisha akakaa dirishani muda mrefu, tochi mkononi, na aliporudi hakuwa na utani wowote.

"Limezimika, afande. Giza tupu."

Mlango ukafunguliwa. Walikaa mbali, hewa mbaya ikatoka na ile safi ikaingia, mpaka Inspekta aliporidhika. Askari walilibeba jiko nje wakaliweka bandani. Juu palikuwa na utando wa majivu. Chini yake, mkaa. Mweusi, mzima, jiko karibu lijae. Sajenti aliupima kwa mizani ya Mama Mkaa, na watu wote wakaona mshale ukipita kilo tatu.

Mtoto wa marehemu alilitazama lile jiko kama mtu anayeonyeshwa kitu kwa mara ya kwanza maishani mwake.

"Umebaki," alisema. "Kwa nini umebaki?"

"Kwa sababu hewa iliisha kwanza. Mke wako angekwambia, anapika kila siku. Jiko lililoua mtu ndani ya chumba kilichozibwa hubaki na mkaa. Lililokwisha kabisa liliwaka mahali penye hewa tele." Inspekta aliligusa banda. "Hapa. Mahali aliposema ameliacha."

"Basi ni yeye aliyelirudisha."

"Arudishe majivu ya kazi gani? Tangu juzi anasema jambo moja tu, kwamba alilitoa, na ndilo jambo pekee linalokubaliana na majivu." Akatoa lile kopo mfukoni, akalifungua. Ukoko wenye vishimo ulikuwa bado mzima. "Haya ni matone ya mvua. Chumba kile hakivuji, na banda hili halivuji. Majivu yalinyeshewa yakiwa njiani, kutoka hapa kwenda kule, na mvua ilianza alfajiri. Alfajiri lango la uani lilikuwa limefungwa kwa ndani, na wapangaji wa juu wana ngazi yao ya nje. Ndani mlikuwa wawili. Mmoja ananyonyesha."

Simu ikaita. Inspekta alisikiliza, akasema "asante, daktari" mara mbili, akaikata. Alionekana kuzeeka kidogo.

"Vidoa vya damu ndani ya kope zake," alisema. "Mdomo umechubuka kwa ndani, kwenye meno. Na puani ana nyuzi za pamba. Baba yako hakuuawa na moshi. Alibanwa kwa mto."

Mwanaume alitoa mikono mifukoni, akaitazama, akairudisha.

"Alikuwa amelala," alisema hatimaye. "Hakuumia. Alikuwa amelala tu."

"Na mkeo?"

"Nilijua watasema ni bahati mbaya. Mwanamke amesahau jiko, basi. Sikujua mtamweka ndani." Akalitazama jiko. "Nilidhani mtamwachia."

Sajenti ndiye aliyemfunga pingu. Kwa kawaida hufanya kazi hiyo na neno la kejeli. Safari hii alimshika kiwiko tu, akamwongoza hadi garini.

*

Kituoni, Mama Mkaa alikuwa ametangulia na mtoto mgongoni. Mkuu wa kituo alisoma ukurasa mmoja, akapiga saini bila kuinua uso, akasema gari la kesho lisipoteze nafasi, litabeba mtu mwingine.

Mkwe wa fundi alitolewa. Alipomwona mwanawe alimpokea, akakaa kwenye benchi la mapokezi na kumweka kifuani mbele ya askari wote. Mtoto alinyonya kwa pupa mpaka akapaliwa. Mama alicheka na kulia kwa pamoja.

"Kwa hiyo nililitoa," alisema.

"Ulilitoa," Inspekta alimjibu. "Usimruhusu tena mtu akwambie vingine."

"Mume wangu anajua nimeachiwa? Amekuja?"

Inspekta alikuwa amewahi kusimama mbele ya madarasa ya watoto sabini akawaeleza mambo magumu mpaka yakaeleweka. Sasa hakuwa na njia ya kulisema jambo lile ambayo ingekuwa nafuu.

"Yuko kwenye gari nje," alisema.

Uso wa mwanamke ukafunguka. "Nilijua tu hataniacha," alisema, akaanza kuvaa kandambili zake alizorudishiwa, kwa mguu mmoja, mtoto akiwa bado kifuani.

Ndipo Sajenti alipoingia naye. Alimleta mpaka kaunta, na askari wa zamu akamwambia avue mkanda na viatu. Mwanamke aliziona pingu kwanza. Kisha akaiona mikono ya shati lile lililopigwa pasi, safi kabisa, na akaitazama mikono hiyo kwa muda mrefu. Hakuna aliyemweleza kitu. Alimtazama Inspekta mara moja tu, na Inspekta hakukwepa.

Mume alivua kiatu cha kwanza. Hakuthubutu kuinua kichwa.

"Baba mtoto," mwanamke alimwita, kwa sauti ya chini, ya nyumbani. "Miaka yote hii nakuomba unisaidie kubeba jiko. Mvua inanyesha, nina mimba, nakuomba. Hata mara moja hukulishika."

Mtoto aliacha kunyonya akageuza kichwa kuitafuta sauti.

"Kumbe unaweza," alisema mama yake.